Nongo si Sumu: Mintarafu ya Istilahi za Kusugua Mwili

Miongoni mwa desturi za uganga wa Kihindi uitwao Ayurveda iko ile ya kuusugua mwili ungali mkavu, kwa glavu za hariri mbichi au kwa brashi, kabla ya kupaka mafuta na kuoga. Kwa Kisanskriti huitwa gharshana, yaani kusugua. Desturi hiyo imepitia Ulaya na Marekani, na sasa inatufikia katika maandishi ya Kiingereza yanayohitaji tafsiri. Hapo ndipo mfasiri anapoteleza, na mwenye kuumia ni msomaji.

Tuanze na jina. Mwenye haraka ataandika "kupiga brashi mwili". Lakini kwetu kipigwacho brashi ni kiatu au koti. "Usuguaji wa ngozi kavu" nao una kasoro: sifa ya ukavu imeiangukia ngozi, hata msomaji akadhani hiyo ni tiba ya wenye ngozi iliyokauka, ambao kwa kweli ndio wapaswao kujihadhari. "Msuguo" umekwisha kuchukuliwa na walimu wa fizikia. Twapendekeza "usuguaji mkavu". Wapo watakaosema kitendo hakiwezi kuwa kikavu. Hao na wamwulize mkulima wa mpunga wa Lumemo, huko Ifakara, maana ya kula wali mkavu. Wali huo ulipikwa kwa maji. Kilichokosekana ni kitoweo. Ndivyo ulivyo usuguaji huu usio na maji, sabuni wala mafuta.

Wala jambo lenyewe si geni. Dodoki tunalijua sote. Aidha, lugha yetu hutofautisha kuchua kwa mafuta na kusinga kwa singo, kama afanyiwavyo bibi harusi Unguja na Pemba. Wahindi nao wana abhyanga ya mafuta na udvartana ya unga. Mfasiri aziitaye zote "masaji" anatupa mali aliyo nayo nyumbani.

Lakini kosa kubwa limo katika neno "sumu". Maandishi hayo hudai kwamba brashi "huondoa sumu" na "kusafisha limfu". Neno la asili ni ama, ambalo maana yake ya kwanza ni kitu kibichi. Katika uganga huo ni mabaki ya chakula kisichosagika barabara tumboni. Mwingereza akaligeuza kuwa sumu, nasi tukampokea bila kuuliza. Kwa mtu wa Lumemo sumu ni ya panya, au ile inyunyizwayo shambani. Akiambiwa imo mwilini mwake, ana haki ya kuogopa. Neno ama haliwezi kuachwa lilivyo, kwani Kiswahili kinalo tayari kwa kazi nyingine, "ubichi" ungefaa. Ama kitokacho kwa brashi, kina jina lake la siku zote: nongo. Taka za damu ni kazi ya ini na figo, na haijathibitishwa kwamba brashi huvisaidia viungo hivyo.

Na hiyo "limfu" je? Ifakara, yenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, si mahali pa kulichezea neno hilo. Matende ni ugonjwa wa minyoo iharibuyo mishipa ya limfu. Mgonjwa hufundishwa kuuosha mguu taratibu kwa maji na sabuni, kuukausha na kuuinua, kwa sababu mchubuko mdogo tu huwapa vijidudu njia, kisha huja homa na uvimbe kuzidi. Mtu huyo akisoma kwamba brashi husafisha limfu, ataanza na mguu ule ule. Mwenye ganzi ya ukoma naye hatasikia anapojichubua.

Kwa hiyo mwongozo wowote kuhusu desturi hii na uandikwe hivi: "Usuguaji mkavu huondoa nongo na kuipasha ngozi joto. Sugua polepole. Usisugue penye kidonda, uvimbe wala ganzi."

Walimu wa bonde la Kilombero wanaojua neno la Kindamba au la Kipogoro la nongo, au la kujisugua bila maji, wanaombwa kutuletea, pamoja na sentensi moja ya mfano.