Kivugo Kisicho na Hadhira: Majigambo ya Mtandaoni na Kujithamini Mwisho wa Reli

Wahakiki wetu wamezoea kungoja kitabu. Kikishachapwa na kupata jalada, ndipo kalamu zinachomolewa. Wakati huohuo vijana wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi wanatunga kila siku na kusomwa kila siku, na hakuna anayewahakiki isipokuwa wazazi wanaolalamika kwamba watoto wameharibiwa na simu. Makala haya yanakusudia kuisoma picha ya mtandaoni, pamoja na maneno yaliyoandikwa chini yake, kama kazi ya sanaa yenye fani na maudhui, na kuuliza inamfanyia nini mtunzi na msomaji wake katika jambo moja tu: namna mtu anavyojithamini.

Tuanze na utanzu. Kijana kasimama ufukweni Kibirizi, nyuma yake mitumbwi ya dagaa, miwani meusi usoni, shati pengine la kuazima. Chini ya picha kaandika mstari mmoja wa kujisifu, au wa kumpiga kijembe mtu asiyemtaja. Hiki ni kivugo, bwana. M. M. Mulokozi, katika kazi zake za kuainisha fasihi simulizi, ametuonyesha kwamba kujisifu mwenyewe ni sanaa yenye kanuni zake. Wahaya wa Kagera wanazo ebyebugo, ambazo shujaa alizighani mbele ya Mukama, na ambazo hadi leo husikika arusini. Na kijembe je? Khanga imeifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, taarabu ikaisaidia kwa mipasho. Kwa hiyo wanaodai kwamba majivuno yameletwa na Instagram, iliyoanza mwaka 2010, wanasahau tulikotoka. Kujigamba tunako. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini jigambo la zamani lilimwacha mtu ameshiba, na hili la simuni linamwacha na njaa ileile aliyoanza nayo.

Kwa maoni yangu jibu liko kwa hadhira, siyo kwa mtunzi. Anayeghani kivugo husimama mbele ya watu wanaomjua. Akidai ameua chui, yupo mzee pale anayejua kwamba chui yule aliuawa na mbwa. Watu watacheka, au watashangilia, na yeye atasikia tofauti ya vicheko hivyo kwa masikio yake mwenyewe. Jigambo lilikuwa limefungwa kamba na ukweli, na ndiyo maana shangwe yake ilikuwa na uzito. Tena akimaliza anarudi kuketi palepale, kati ya watu walewale, akiwa mtu mwenye jina na ukoo.

Hadhira ya simu ni kidole. Kitufe cha laiki, ambacho Facebook ilikitoa mwaka 2009, kinaleta tarakimu tu. Hakisemi nani kapendezwa na nini, wala kama alitazama kweli au alipita tu akitafuta kingine. Laiki arobaini ni nyingi au chache? Haijulikani mpaka uone za jirani, na za jirani daima zinaonekana nyingi. Msomaji naye anasoma peke yake, usiku, kitandani, akiyalinganisha maisha yake mazima na picha moja ambayo mwenzake kaichagua kati ya thelathini. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo cha uhakika hujipima kwa wenzake. Hakuijua simu ya mkononi. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na Frances Haugen zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana wa miaka ya ujana waliohojiwa walisema, walipokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia. Kampuni ilipinga jinsi matokeo hayo yalivyofasiriwa, na ni kweli kwamba wasichana hao hawakuwa wa Kigoma. Lakini hilo halitupi nafuu yoyote sisi wa huku, maana msomaji wa Kigoma anaishika simu akiwa tayari kaishapimwa na wengine siku nyingi.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji ukabaki na jina la "mwisho wa reli", kana kwamba treni haianzii hapo pia. Wakoloni waliigeuza Buha kuwa ghala la vibarua. Manamba walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wengi kupitia shirika la kuandikisha vibarua lililoitwa SILABU. Mzaha wa kumcheka Muha kama mtu wa kazi ngumu na mshamba haukuanguka kutoka mbinguni, ulitoka katika mashamba hayo. Na mpaka miaka ya karibuni wapo watu wa Kigoma wanaoulizwa uraia wao kwa sababu ya lafudhi tu. Hata umaarufu wa Ujiji ni wa kuandikwa na mgeni. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, dunia ikasoma habari hiyo magazetini, na wenyeji wakaingia katika hadithi kama umati wa kushangilia. Leo kijana anajipiga picha kwenye mnara wa Livingstone akitafuta kuonekana, mahali ambapo babu zake walitumika kama mandhari.

Ndiyo maana wimbo "Leka Dutigite" wa mwaka 2012 unastahili kuhakikiwa kwa uzito kuliko ulivyowahi kupewa. Ulitolewa na Kigoma All Stars, wasanii wenye asili ya Kigoma wakiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, kwa juhudi za Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati ule. Jina lake ni Kiha, na kwa Kiswahili ni kama "acha tujidai". Tazama sarufi yake. Du- hiyo ndiyo tu- yetu: nafsi ya kwanza, wingi. Picha za mtandaoni karibu zote ni za nafsi ya kwanza, umoja. Tena "acha" inaambiwa nani? Yuko mtu aliyekuwa anazuia, na wimbo unamtaka akae pembeni. Kwa maneno mawili tu kichwa cha wimbo kinakiri dharau ya zamani na kuijibu kwa kundi zima.

Pamoja na sifa hizo, wimbo una udhaifu. Fahari yake inasimama juu ya nyota waliotengeneza majina yao Dar es Salaam. Mtu wa Kibirizi anaalikwa ajidai kwa sababu wa kwao wamefanikiwa kwingine, yaani bado anajitazama kwa jicho la mjini. Toka hapo hadi kumfuatilia nyota huyohuyo Instagram, magari yake na nyumba yake, ni hatua fupi sana, na katika hatua hiyo ile "tu-" inapotea. Anabaki mmoja mwenye kuonwa na maelfu wenye kuona.

Kuhusu programu za kuchuja picha sina maneno mengi. Zinalainisha ngozi na mara nyingi zinaitakatisha. Ni mkorogo usiochubua, na unayasema yaleyale yaliyosemwa na mkorogo: kwamba sura uliyozaliwa nayo ni rasimu.

Iko hata hivyo aina moja ya majigambo ya mtandaoni ambayo naiona imekamilika kisanaa, na wahakiki wataidharau kwa kuwa ni ya biashara. Ni picha za wauza dagaa na mawese kwenye WhatsApp. Muuzaji anaanika picha ya mali yake na kujigamba kwamba dagaa wake ni wa Kigoma kweli, wameanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Hapo hadhira hairushi kidole ikapita. Inauliza bei. Inasema gunia la juzi lilikuwa na mchanga, mama, usitudanganye. Muuzaji anajibu, anaapa, anakubali kupunguza, na mteja aliyeridhika anarudi kumsifu mbele ya wote. Sifa hiyo ina mizani yake, na mizani yenyewe ni meno ya mlaji.