Heko kwa wapogoaji wa Dodoma

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, baridi ikamfanyia mkulima nusu ya kazi. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mti ukiachwa utaota majani mwaka mzima na zabibu zake zitakuwa za kubahatisha. Anayeulaza na kuuamsha ni mpogoaji: anakata matawi mpaka shamba zima libaki vijiti vitupu kwenye nyaya, na miezi kama minne baadaye vishada vinaning'inia. Ndiyo maana nchi hii ya Wagogo, kame, iliyozoea uwele na mtama, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Zabibu nyekundu iliyoipa Dodoma sifa ni Makutupora, iliyopewa jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa mji. Mvinyo wake ni mwekundu, na kwa ulimi wangu unafaa nyama choma kuliko keki ya harusi, ingawa wengi bado wanautaka mtamu kama sharubati.

Mavuno ya Machi huja na mvua, na mvua huja na magonjwa ya ukungu. Mkulima hulala akiwaza dawa. Yale ya Agosti na Septemba hukuta jua kali na hewa kavu, sukari ikajaa kwenye tunda. Kisha huanza mbio nyingine: zabibu ikishakatwa haisubiri, na kiwanda kikichelewa kuipokea, bei inaamuliwa na mnunuzi. Wapogoaji wanalijua hilo, na msimu ukirudi wanashika tena mikasi.