Sifa za Fundi wa Mipira ya Mafuta

Kazi nyingi za gereji hujionyesha zenyewe. Gari likipigwa rangi hung'aa. Springi zikibadilishwa, abiria huhisi kabla ya kufika barabara kuu. Fundi wa njia ya mafuta hana bahati hiyo. Akiifanya kazi yake barabara, hakuna kinachotokea: harufu hamna, tone hamna, gari halizimiki mlimani. Mwenye gari hulipa huku akijiuliza amelipia nini. Nataka fundi huyu apewe haki yake.

Chukua Peugeot 504. Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na Wakenya wa makamo wanaikumbuka ile ya safu tatu za viti iliyowapeleka safari za mbali. Zilizobaki nyingi zimewazidi umri madereva wake. Injini ingali na nguvu. Kilichochoka ni mpira.

Kwenye 504 ya kabureta, tangi liko nyuma na pampu imefungwa ubavuni mwa injini, kwa hiyo mafuta huvutwa karibu urefu mzima wa gari. Hapo ndipo wengi hupotea. Mpira uliopasuka kabla ya pampu si lazima udondoshe hata tone, huingiza hewa. Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea vizuri tambarare, likianza kupanda linakohoa na kuzima. Asiyejua hufungua kabureta, kisha akanunua pampu mpya. Mzoefu huanza na kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole.

Baada ya pampu, mafuta husukumwa, na ufa humwaga nje, juu ya injini yenye moto. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukaifuata cheche iliko. Ndiyo maana fundi mwenye adabu hungoja injini ipoe, hufungua waya wa betri, na humwomba mama wa chai asogeze jiko, kabla hajashika bisibisi.

Mtazame kazini. Mpira mkongwe haung'oi kwa nguvu, asije akaupinda mdomo wa pampu; huuchana kwa wembe kwa urefu, taratibu, mpaka ubanduke wenyewe. Anaukunja mbele ya mwenye gari, nyufa zinafunguka. Anasugua kutu ya bomba kwa msasa laini, anapangusa. Mpira mpya anaukata kwa kisu kikali, si kwa msumeno, maana chembe za mpira zitaziba jeti ya kabureta. Anatanguliza klipu, anausukuma mpira uvuke kile kifundo cha bomba, ndipo klipu inakaa nyuma yake. Kisha anakaza, na hapa ndipo ufundi ulipo. Klipu ikilegea, mafuta yanavuja leo. Ikizidi, inaula mpira, yatavuja baada ya miezi. Mpira ukianza kutuna kidogo kandokando, mkono unasimama. Anawasha injini, anapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, anakinusa.

Hajamaliza. Analala chini ya gari kurudisha vishikizo vya bomba la chuma, kimoja kimoja. Bomba lisiloshikwa hutikisika, likajisugua kwenye bodi hadi litoboke, tena mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Mafundi wa aina hii hukataa mambo mawili. Hawafungi mpira wa maji kwenye njia ya petroli, ingawa ni rahisi na kwa siku chache utafanya kazi, kwa sababu petroli huuvimbisha na kuuozesha. Pia hawabadilishi mpira mmoja wakaacha wenzake wa umri uleule. Mteja huona anakamuliwa, ilhali anaepushwa na kukwama njiani, au na moto.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimpata fundi anayenusa kitambaa chake kabla ya kukurudishia funguo, usimpunguzie bei. Na akikuambia mipira yote ibadilishwe, mkubalie.