Kutoka Kurasani Hadi Ubaoni: Ahadi na Usaliti katika Mchezo wa Westeros

Fasihi hutafsiriwa kwa njia nyingi, na si zote zinazopitia katika lugha. Riwaya huweza kugeuzwa tamthilia, tamthilia ikageuzwa filamu, na shairi likatiwa sauti likawa wimbo. Aina moja ya tafsiri ambayo wahakiki hawajaipa nafasi inayostahili ni ile ya kuigeuza hadithi ikawa mchezo: wahusika wakawa karata, miji ikawa alama za ramani, na msomaji aliyekuwa akitazama kwa mbali akatakiwa atie mkono. Mfano mzuri wa kuangaliwa ni *A Game of Thrones: The Board Game*, uliobuniwa na Christian T. Petersen na kutolewa na Fantasy Flight Games ya Marekani mwaka 2003, kisha ukafumuliwa na kusukwa upya katika toleo la pili la mwaka 2011. Chanzo chake ni riwaya za George R. R. Martin ziitwazo kwa pamoja *A Song of Ice and Fire*, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996. Ikumbukwe kuwa mchezo huu uliitangulia kwa miaka minane ile tamthilia ya televisheni iliyoipa Westeros umaarufu wa dunia nzima. Petersen alipoukamilisha, vitabu vilivyokwisha kutoka vilikuwa vitatu tu, na waliouketia mwanzo walikuwa wasomaji, si watazamaji.

Mezani hukaa watu watatu hadi sita. Kila mmoja hushika ukoo wake: Stark wa kaskazini kwenye baridi, Lannister wenye dhahabu, Baratheon wanaoanza wakiwa juu ya Kiti cha Enzi, Greyjoy wa visiwani, Tyrell wenye mashamba, na Martell wa jangwa la kusini. (Mtafsiri wa Mwambao angeweza kusema «mlango» badala ya «ukoo», na neno lingekaa vizuri zaidi, kwani hata Kiingereza cha riwaya kinatumia neno la nyumba kwa maana ya nasaba.) Atakayetangulia kushika miji na ngome saba ndiye mshindi, asipopatikana, mwisho wa duru ya kumi huhesabiwa nani anazo nyingi. Dadu hazimo. Toleo la pili lina karata za kutia bahati vitani, lakini hizo ni za hiari, na wachezaji wenye heshima zao huziacha sandukuni.

Mchezo huu haukuzaliwa pasipo mzazi. Mwaka 1959 Mmarekani Allan B. Calhamer alichapisha kwa fedha zake mwenyewe mchezo wa *Diplomacy*, ambao ndani yake madola saba ya Ulaya ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hupigania bara hilo kwa amri zilizoandikwa kwa siri na kusomwa kwa pamoja. Petersen alirithi humo mambo mawili: siri ya amri, na kanuni kwamba neno la mdomo halimfungi aliyelitoa. Alichoongeza ni hadithi. Katika ramani ya Calhamer, Austria ni rangi na Uturuki ni rangi nyingine. Hakuna mfalme mwenye jina wala malkia mwenye kisasi. Petersen aliichukua mifupa hiyo akaivika nyama ya Martin, na swali la uhakiki ni kama nyama imeshika.

Imeshika kwanza katika amri. Kila mchezaji ana visahani kumi na vitano: vitatu vya kushambulia, vitatu vya kujilinda, vitatu vya kuunga mkono, vitatu vya kuvuruga, vitatu vya kukusanya nguvu. Kila mahali penye jeshi lake huweka kimoja, uso chini, na wote hufunuliwa kwa mpigo. Mwenye majeshi katika mikoa minane hawezi kuyapeleka yote vitani, kwa kuwa visahani vya kushambulia ni vitatu. Aliyezoea kuhesabu mizani atalielewa jambo hili upesi kuliko jemadari: kinachompa mtunzi kazi si wingi wa maneno aliyonayo, ni uchache wa nafasi za kuyaweka. Na tofauti na bao, ambamo kete zote sitini na nne ziko machoni pa wachezaji na kinachofichika ni fikra tu, hapa kisahani kilicholala kifudifudi ni fumbo halisi. Jirani huliona, hulizunguka, hubishana nalo kimoyomoyo, na hujua tu kwamba limewekwa kwa ajili yake au dhidi yake.

Katika visahani hivyo, kile cha kuunga mkono ndicho chenye sumu. Jeshi lililowekewa amri hiyo halisogei; hukaa mahali pake, na vita vikizuka jirani, mwenye jeshi husema wakati huohuo, mbele ya wote, nguvu zake zinaenda upande upi. Anaweza kumsaidia mshambuliaji, anaweza kumsaidia mshambuliwa, anaweza kunyamaza. Aliyeahidiwa msaada tangu duru iliyopita hugeuka kumtazama mwenzake, na mwenzake hana pa kuficha uso. Martin huhitaji kurasa mia kadhaa kumfikisha msomaji kwenye usaliti. Petersen humfikisha kwa sentensi moja inayotamkwa na mtu aliyeketi umbali wa mkono. Nguvu ya tafsiri hii iko hapo, katika kimya kinachotangulia jibu, kuliko katika picha za kupendeza za ngome na mazimwi.

Kisha ziko karata. Kila ukoo una saba, zenye thamani ya sifuri hadi nne, na katika kila pambano kila upande hutoa moja kwa siri. Nne ni za wakubwa: Eddard Stark, Tywin Lannister, Stannis Baratheon, Euron Greyjoy, Mace Tyrell, na yule Martell aitwaye Nyoka Mwekundu. Lakini mhakiki mwenye kusoma kwa makini atazitazama sifuri. Katika toleo la pili kila ukoo una moja. Sifuri tatu ni wanawake: Cersei Lannister, Catelyn Stark, na yule bibi mzee wa Tyrell anayeitwa Malkia wa Miiba. Nyingine tatu ni mwendawazimu wa kuchekesha watu barazani kwa Stannis, kuhani wa mungu wa kuzama baharini, na Doran Martell, mtawala mgonjwa wa miguu asiyeweza kusimama. Kwa maneno mengine, sifuri wamepewa wale ambao hawashiki upanga.

Msomaji wa haraka atadhani hiyo ni dharau. Soma maandishi yaliyo chini ya picha. Doran haongezi hata nukta moja ya nguvu vitani, ila humshusha adui mpaka chini kabisa katika mojawapo ya ngazi tatu za heshima: ya Kiti cha Enzi, ya upanga, au ya baraza la mfalme. Malkia wa Miiba hufuta amri ya adui katika eneo jirani kabla vita havijaamuliwa. Cersei, akishinda, hufuta amri ya mpinzani popote pale katika ramani. Catelyn huongeza maradufu thamani ya ulinzi. Mwendawazimu, baada ya pambano, huchungulia karata za mkononi mwa adui na kuitupa mojawapo. Mchezaji hodari hukubali kushindwa pambano dogo kwa Doran ili amporomoshe mtu aliyekuwa wa kwanza. Na aliyeporomoshwa, katika meza ya watu sita, akiwa wa mwisho kwenye baraza, haruhusiwi kutumia amri hata moja yenye nyota. Huo ni usomaji wa riwaya, tena usomaji mzuri. Martin anasimulia dunia ambamo wenye misuli huvunjwa na wenye subira, na Petersen ameliandika hilo kwa tarakimu, bila kuhubiri.

Tafsiri imeteleza mahali pengine, na imeteleza vibaya. Sifa kubwa ya riwaya hizi ni kwamba kifo ndani yake kwa kawaida hakirudi nyuma. Eddard Stark, ambaye msomaji alimfuata kama nguzo ya kitabu cha kwanza, hukatwa kichwa kabla kitabu hakijaisha, na hakuna mkono unaomnyanyua. Ubaoni, Eddard akitumika huwekwa pembeni; karata ya saba ikishatolewa, zile sita zilizotangulia hurudi mkononi, naye hurudi pamoja nazo akiwa na nne yake kamili. Anaweza kupigana mara tatu katika mchezo mmoja. Kanuni hii ina sababu zake, kwani humlazimisha mchezaji kupanga matumizi ya watu wake, na kumjua adui kwa karata alizobakiza. Hata hivyo imeugeuza msiba kuwa mzunguko. Anayekufa kweli mezani ni askari wa miguu asiye na jina, mwenye thamani ya moja, ambaye plastiki yake hurudishwa kwenye akiba. Roose Bolton ndiye kilele cha kejeli: katika riwaya anamsaliti bwana wake Stark, katika karata ni mtumishi wa Stark mwaminifu, na akishindwa huwarejesha mkononi wenzake wote waliokwisha kutumika. Asiyewahi kusoma kitabu atampenda.

Wenyeji wa visiwani watavutiwa na bahari. Merikebu katika mchezo huu hazibebi mtu. Husimama baharini zikawa daraja. Ukiwa na merikebu katika bahari zinazofuatana, jeshi lako huondoka pwani moja na kutua pwani ya mbali kwa amri moja, na merikebu hizohizo huweza kuunga mkono vita vya nchi kavu, ilhali jeshi la nchi kavu haliwezi kuzisaidia zinapopigwa majini. Kwa hiyo anayeidharau bahari hushindwa, na Lannister, ambaye jirani yake Greyjoy huanza akiwa ameshika upanga wa chuma cha Valyria, huweza kufungiwa bandarini mwake katika duru ya kwanza au ya pili. Fikra ni sahihi, ila bahari yenyewe ni bapa. Haina kusi wala kaskazi, haina mwezi wa kuanika nanga. Mbunifu ameyaandika majina ya ghuba za kuvunja vyombo juu ya karatasi, kisha hakuna chombo kinachovunjika.

Upungufu wa ndani zaidi uko katika chakula. Mapipa yaliyochorwa katika mikoa ndiyo yanayoamua majeshi ya mtu yawe mangapi na makubwa kiasi gani, na hilo ni wazo zuri, kwani wasimulizi wengi wa vita husahau kwamba askari hula. Lakini mkoa uliopiganiwa mara tano hubaki na pipa lake lilelile. Katika *A Clash of Kings*, cha mwaka 1998, Martin anampitisha msichana Arya katika nchi ya mito iliyochomwa, ambamo wakulima wameuawa kwa makosa ya watu wasiowajua. Ubaoni wakulima hao hawamo. Wamekuwa pipa, na pipa haliungui. Mtu anaweza kusema kuwa mchezo hauwezi kubeba kila kitu, na ni kweli. Lakini kilichoachwa hapa ndicho kilichozifanya riwaya zile ziwe zaidi ya ugomvi wa wafalme.

Kinachofidia kwa kiasi ni Ukuta. Tishio la watu wa mwituni hupanda kidogo kidogo, na likifika kumi na mbili hushambulia papo hapo. Wote hutoa nguvu zao kwa siri ndani ya ngumi. Jumla ikitosha, aliyetoa nyingi hutuzwa. Isipotosha, wote huumia na aliyetoa kidogo huumia zaidi, na karibu katika hali zote kilichotolewa kimepotea. Maadui waliokuwa wakichinjana dakika moja iliyopita hutakiwa wachangie ulinzi wa wote, na kila mmoja huomba moyoni mwenzake awe mkarimu. Hakuna sehemu nyingine ya mchezo iliyo karibu hivi na roho ya kitabu.

Wachezaji wa muda mrefu wana manung'uniko mengine. Karata ya kuandikisha askari yaweza isitoke kwa duru kadhaa, na nchi ikakaa na majeshi yaleyale yaliyochoka. Aliyekwisha kupoteza matumaini hubaki mezani saa mbili zaidi, na mara nyingi ndiye anayeamua nani ashinde kwa kumpa msaada huyu na kumnyima yule. Hayo ni ya kweli, ingawa hili la pili si kosa kubwa kama linavyodhaniwa: aliyetendewa hiana duru ya tatu ana haki ya kukumbuka duru ya tisa.

Tatizo liko katika duru ya kumi. Kila mtu anajua kwamba hakuna ya kumi na moja, basi ahadi iliyodumu saa tatu huvunjwa kwa sababu tu adhabu haina tena wakati wa kufika. Riwaya haina duru ya kumi. Wahusika wake hawajui ukurasa wa mwisho uko wapi, na ndiyo maana ahadi zao, hata za uongo, zina uzito. Nyongeza ya mwaka 2018, *Mother of Dragons*, iliyoleta milango ya Arryn na Targaryen, iliingiza pia mikopo ya Benki ya Chuma. Mkopo hulipiwa riba duru hadi duru, na mdaiwa hawezi kuikana kwa maneno matamu. Hivyo katika ramani yote ya Westeros, yenye wafalme na viapo, neno lililowekewa nguvu ya kanuni ni la mkopeshaji peke yake. Mengine yote yameachiwa nyuso za watu waliozunguka meza.