Umegusa Nini? Sailensi Iliyopotea Urambo

Corolla yangu ya mwaka 1998, bodi ya AE110, ilikuwa imetulia kabisa Jumamosi asubuhi nilipofungua boneti. Injini yake ni 5A-FE, ujazo wa cc 1,498. Nilibadilisha plagi nne, nikasafisha throto, nikaweka chujio jipya la hewa, nikachomoa tamino ya betri ili nisugue kutu. Saa nane mchana nikawasha. Injini ikashika, kisha ikaanza kutetemeka mpaka usukani ukawa unacheza mkononi. Mshale ulishuka kwenye mizunguko 500, ukapanda 900, ukashuka tena. Uani kukajaa harufu ya petroli.

Jirani yangu, fundi wa malori ya tumbaku, alikuja akasimama kimya akisikiliza.

"Kaka, umegusa nini?"

Hakuuliza gari linaumwa nini, na hapo alikuwa amekwisha kupunguza nusu ya kazi. Injini iliyokuwa nzima asubuhi haichakai kufikia mchana. Pampu ya petroli, nozeli na valvu sikuzigusa, kwa hiyo hazikuwa na sababu ya kuwa watuhumiwa wa kwanza. Lakini wengi wetu huanza na hizo hizo: leo tunanunua koili, kesho pampu, keshokutwa nozeli za mtumba. Ukiwa Urambo, kubahatisha kwa namna hiyo kunaumiza, maana kipuri cha uhakika unakifuata Tabora, kilomita kama 90, na ukikosea unapanda basi tena. Ardhi hii imekwisha kuona mitambo ikikwama kwa kukosa vipuri na mafundi. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Urambo ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, walitegemea sana mitambo iliyobaki baada ya vita. Mingi ilifia porini, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Tukaanza na plagi, kwa kuwa ndizo nilizozikaza kwa mkono wangu. Injini inayomisi silinda moja hutetemeka kwa mpigo unaojirudia, kama mtu anayechechemea. Kuna njia nyepesi ya kumjua mchechemeaji: injini ikiwa inaunguruma, chomoa soketi ya waya wa nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda kwenye inayofuata. Silinda nzima ukiinyima petroli, sailensi, yaani mzunguko wa injini isipokanyagwa mafuta, inashuka. Silinda iliyokufa ukiinyima, hakuna kinachobadilika. Tafadhali usifanye jaribio hili kwa kuchomoa waya za plagi, kama nilivyoona vijana wengi wakifanya. Umeme wa pale ni wa maelfu ya volti, unaweza kukurusha, na unaweza kuua mfumo wa kuwashia cheche.

Silinda zote nne zilijibu sawasawa. Waya nazo zilikuwa mahali pake: injini hii huwasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukipishanisha waya mbili, gari hupiga mabomu kwenye ekzosi au hukataa kuwaka kabisa. Jambo hilo likaisha.

Betri je? Kompyuta ya injini ikikatiwa umeme husahau marekebisho iliyokuwa imejifunza, na sailensi inaweza kuyumba kidogo mpaka ijifunze upya. Kwenye magari mapya zaidi, yenye throto inayoendeshwa kwa umeme, usumbufu huu baada ya kusafisha throto ni mkubwa kuliko kwenye langu. Nikaendesha kwa muda kuelekea Kaliua na kurudi. Hapo ndipo gari liliponishangaza: barabarani lilikimbia vizuri, halikukohoa wala kukosa nguvu. Nilipolisimamisha tu, mtetemeko ukarudi.

Tukapima uvujaji wa hewa. Jirani yangu alichukua chupa ya kupulizia iliyojaa maji, akanyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya menifoldi na ya throto. Maji yakiziba ufa, mlio wa injini hubadilika kwa sekunde chache. Wapo wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii, juu ya injini ya moto yenye waya za cheche, na siwezi kulitazama jambo hilo nikanyamaza: petroli ile inaweza kuliteketeza gari na aliyeinama juu yake. Mlio haukubadilika popote.

Kisha tukazifungua zile plagi mpya. Zote nne zilikuwa nyeusi, zimefunikwa masizi makavu, na zilikuwa hazijamaliza hata siku moja. Plagi moja nyeusi ingetupeleka kwenye silinda moja. Zikiwa nyeusi zote, petroli inazidi kote, na anayeamua kiasi cha petroli ni kompyuta. Swali likawa: nani anaidanganya kompyuta?

Kwenye 5A-FE, kompyuta haipimi hewa inayoingia moja kwa moja. Inapima mgandamizo uliomo ndani ya menifoldi, kupitia mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya vakyumu karibu na ukuta wa nyuma wa injini. Injini ikiwa kwenye sailensi, throto imefungwa, pistoni zinavuta, na mgandamizo mle ndani unashuka hadi kama kilopaskali 30. Nje, kwa mwinuko wa Urambo wa zaidi ya mita 1,000, hewa ina karibu kilopaskali 90. Mpira ule ukipasuka, hewa ya nje inapenya, sensa inasoma mgandamizo mkubwa kuliko uliopo, na kompyuta inaamini kwamba injini inapanda mlima na mzigo. Inamimina petroli.

Hapo mwendo wa barabarani nao ukaeleweka. Ukikanyaga mafuta, throto inafunguka na mgandamizo wa ndani unaukaribia wa nje. Ufa unakuwa hauna cha kuvuta, na uongo wa sensa unakuwa mdogo. Ukiachia mafuta, tofauti inarudi, na uongo unarudi nao.

Kwa nini basi taa ya injini haikuwaka? Tuliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha vipimo, tukahesabu mimweko ya taa. Kama waya wa sensa ungekatika, tungepata msimbo wa kosa 31. Taa ilimweka haraka bila kukoma, maana yake hakuna kosa lililorekodiwa. Sensa ilikuwa nzima. Ilisoma kwa uaminifu hewa iliyoletewa, na kwa kuwa namba zilibaki ndani ya mipaka inayokubalika, kompyuta haikuwa na sababu ya kulalamika. Hata mashine ya kupimia ya gharama kubwa isingeona msimbo wowote.

Niliushika ule mpira na kukumbuka: nilipokuwa nasafisha throto niliusukuma pembeni kwa nguvu, kwa sababu ulinizuia kufikisha mswaki. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoukunja, ufa ukafunguka upande wa chini, pale unapoingia kwenye menifoldi. Mpira uliopikwa na joto la injini kwa zaidi ya miaka 20 hukauka kama gome. Unavumilia ukiachwa ulivyo, haustahimili kukunjwa. Maji ya chupa hayakuufikia, maana tulinyunyiza kwenye maungio makubwa tu.

Tukakata sentimita mbili za mwisho, tukarudisha sehemu nzima, nikapangusa plagi. Mshale ukasimama 750. Mpira mpya ulikuja kwa basi la Jumatatu kutoka Tabora, nikaufunga mwenyewe, safari hii bila kuukunja. Wiki moja baadaye nilifungua plagi zote nne. Zilikuwa kavu, rangi ya kahawia hafifu.