Mahadhi ya Kuazima katika Nyimbo za Shule

Katika shule za sekondari za Marekani wimbo wa shule huimbwa watu wamesimama, na aghalabu mwimbaji hudhani kuwa ulizaliwa papo hapo shuleni kwake. Maneno yamkini yalizaliwa hapo. Lakini mahadhi, kwa shule nyingi ajabu, yalitoka katika wimbo wa msiba.

Mwaka 1857 H. S. Thompson, mtunzi wa Boston, alitoa wimbo uitwao "Annie Lisle", habari ya msichana aliyeishi kando ya maji yenye mierebi, akafa angali kijana. Mwaka 1870 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell waliokaa chumba kimoja, Archibald Weeks na Wilmot Smith, waliuvua wimbo huo maneno yake, wakauvika sifa za chuo chao kilicho kilimani juu ya ziwa Cayuga. Chuo kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1868 tu; desturi hii ya kale, basi, ilitungwa katika nyumba mbichi. Kansas waliyatwaa mahadhi hayo mwaka 1891, Carolina Kaskazini mwaka 1897, na shule za sekondari zikafuata kwa wingi.

Je, huu ni wizi? Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakubali upesi. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alitumia mizani nane na vipande vinne ambavyo wengi walikuwa wamevitumia kabla yake, wala hakuna aliyemdai. Bahari ni njia ya wote. Huulizwa mtunzi amepita na mzigo gani.

Weeks na Smith walikuwa na mzigo. Maji ya msiba waliyageuza kuwa ziwa walilolitazama kila siku. Tena mwisho wa kiitikio, pale pale palipokuwa na jina la marehemu, walisimamisha jina la chuo. Sijui kama walikusudia, lakini huzuni haikutoka katika sauti, nayo inawafaa watu wanaosifu mahali ambapo wataondoka baada ya miaka michache.

Walioiga hawakuridhika na mahadhi. Walitwaa na kilima, na bonde, na mawimbi, hata shule ilipokuwa katika tambarare kavu. Hilo ndilo deni lisilolipika, maana wimbo wa namna hiyo ukiondolewa jina la shule na kutiwa la jirani hausikii maumivu yoyote. Mwalimu anayetaka kuupima wimbo wa shule yake na ajaribu hivyo. Kikwazo pekee huwa ni urefu wa jina: Cornell ni silabi mbili, na shule yenye jina refu hulazimika kulikimbiza mwishoni mwa kiitikio, kwa kuwa mahadhi ya Annie Lisle hayamngoji mtu.