Mofu -ku- katika Vitenzi vya Silabi Moja: Uhakiki wa Fasili ya Mofimu

Fasili ya mofimu kuwa kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana imekita mizizi katika ufundishaji wa mofolojia ya Kiswahili. Fasili hiyo huonekana kutosheleza pale neno kama *wanasoma* linapochanganuliwa. Udhaifu wake hujitokeza tunapofikia *alikula*. Jibu lililozoeleka ni kwamba -ku- katika neno hilo ni kiambishi cha kitenzi-jina. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo huiokoa fasili kwa kuitoa mhanga data.

Tuanze na *amekula* na *amemla*. Kiambishi cha yambwa -m- kinapoingia, -ku- hutoweka. Iwapo -ku- ina maana, ni maana ipi iliyopotea katika *amemla*? Hakuna. Tazama pia sentensi *Simba amekula*, ambayo ina tafsiri mbili: simba amekwisha kupata chakula, au simba amekula wewe. Katika tafsiri ya pili, -ku- ni yambwa ya nafsi ya pili umoja, na Kiswahili sanifu hakiongezi -ku- nyingine. Hali kadhalika, katika *hakula*, -ku- ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, nayo inatosha. Kwa hiyo, -ku- ya *alikula* hujitokeza pale tu ambapo hakuna mofu nyingine iwezayo kubeba mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho.

Je, basi, suala hili ni la kifonolojia tu? La hasha. Linganisha *alikula* na *akila*. Mofu -li- na -ki- zina umbo moja la konsonanti na irabu, tena irabu ile ile; hata hivyo, -ki- hupokea mkazo ilhali -li- haiupokei. Vivyo hivyo, -ja- katika *hajala* huupokea, lakini -na- katika *anakula* haiupokei. Tofauti hiyo haitabiriki kutokana na sauti. Ni sifa ya mofu moja moja.

Watetezi wa jibu lililozoeleka wanaweza kurejelea historia: -ta-, kwa mfano, imetokana na kitenzi *-taka*, ambacho hufuatwa na kitenzi-jina. Hoja hiyo ni sahihi, na inaeleza -ku- ilikotoka. Haielezi inafanya nini leo. Kama ingali kiambishi cha kitenzi-jina, tungetarajia kuiona katika *atasoma* pia.

Hockett (1947) alikwisha kuonyesha kwamba uchanganuzi hulazimika kukubali mofu tupu, na Aronoff (1976) akatenganisha utambuzi wa mofimu na sharti la kuwa na maana isiyobadilika. Ushahidi wa Kiswahili unatilia nguvu msimamo huo. Kuongeza maneno "au uamilifu wa kisarufi" katika fasili hakutatui tatizo, kwa kuwa -ku- hii haioneshi nafsi, njeo wala ukanushi. Inakamilisha umbo la neno.

Athari zake si ndogo. Mwanafunzi anayeandika kwamba -ku- ya *alikula* haina maana hukosolewa, ilhali ameiona data kwa usahihi kuliko mwongozo wa usahihishaji. Inapendekezwa kwamba mofu itambuliwe kwanza kwa mtawanyiko wake ndani ya neno, ndipo swali la maana lifuate.